Asilimia Tatu

Tulingoja siku tatu mvua ipumzike.
Todmorden mvua haiombwi, ina funguo zake za nyumba,
na sisi tulikuwa tunatafuta ukavu,
ukavu wa ndani, wa kwenye mishipa ya chuma,
si huu wa kuanika kanga juu ya hita.

Jumapili jua likachungulia kama mdeni.
Norris Sutcliffe akaja na kompresa kwenye toroli,
akaigusa rejeta ya Pijo kwa mgongo wa mkono,
vile mtu anavyompima mtoto homa.
Imepoa, akasema. Tufungue.

Yakatoka.
Kwanza ya kijani, kidogo, ya aibu,
kisha kahawia, mazito, yanakohoa.
Kutu, akasema Norris.
Kutu ndiyo, nikamjibu, na chai pia:
mwaka wa tisini na sita, juu ya Cragg Vale,
mvuke ukipiga mluzi, boneti haishikiki,
hatuna tone ila chupa ya chai ya tangawizi,
Shekue akaimimina yote, na iliki yake, na sukari.
Tulifika Rochdale tunanukia maulidi.

Miaka thelathini nimelinywesha gari hili kuliko ng'ombe.
Ya bomba. Ya mfereji. Ya mvua niliyokinga kwa sufuria
kando ya barabara, malori yakinirushia mengine bure.

Sasa kuna madumu matano mezani,
bei yake ingenifikisha nusu ya njia ya Tanga.
Norris anayasifu kama mshenga:
hayachemki hata kwa joto la mia na themanini,
hayasukumi, hayapasui, hayaleti kutu.
Ila hayataki maji.
Yakizidi asilimia tatu, mama, umetupa pesa.

Shekue kasimama mlangoni na ndala zake.
Kila kilicho hai kimetokana na maji, anasema,
na nyinyi mnakikausha. Haya.
Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.
Anasemaje? akauliza Norris.
Anauliza kama utakunywa chai.

Kumbe maji hupenda kona.
Ukidhani yamekwisha, yako kwenye hita,
yamejikunyata kwenye kibomba chembamba kama mgeni asiyetaka kuaga.
Tukainua pua ya gari kwa jeki. Tukapuliza.
Likatema kijiko. Tukapuliza. Likatema nusu kijiko.
Tukapuliza mpaka jirani akafunga dirisha.
Kisha dawa ya kusafishia, injini ikawaka, ikazimwa,
ikamwagwa nayo. Yote tukayatia dumu la kupelekwa jalalani,
tukalifunga kwa nguvu, paka asionje:
ni matamu, na yanaua.

Ndipo tukamimina ile mpya.
Haikubwabwaja. Iliteremka polepole, kimya,
kama mtu anayeingia msikitini amechelewa.

Norris akachota tone, akaliweka kwenye kidarubini chake,
akafumba jicho moja, akakielekeza mbinguni,
mbingu yenyewe imeshaanza kuvimba.
Mbili na nusu, akasema.
Nusu tu mbele yake, na mlango ungefungwa.
Mbili na nusu ya nini? akauliza Shekue.
Nikamwambia.
Hiyo, akasema, ni chai yangu,
akarudi ndani ameridhika.

Jioni nikaipandisha Cragg Vale peke yangu.
Sindano ikapanda kuliko desturi yake, ikanitia jasho,
ikasimama.
Juu kabisa nikaegesha palepale pa zamani. Mazoea.
Nikafungua boneti, nikaibinya hosi kwa kitambaa:
moto, lakini laini, haina kifua,
imelegea kama sikio.
Hakuna kilichonirukia. Kondoo mmoja alikuwa ananitazama.

Mvua ikaanza, kubwa, ya ubavu.
Mkono wangu ulikuwa umeshaitoa mlangoni
chupa ya lita mbili isiyokosekana humo,
kidole kimeshashika kifuniko.
Nikaiangalia. Nikaiangalia Pijo.
Nikarudi kitini, nikafunga mlango,
nikayanywa mwenyewe.
Yalikuwa na ladha ya plastiki,
na yalikuwa vuguvugu.